Hotuba ya Kuzindua Visiwa vya Miti Kinamasini

Mheshimiwa mimi mwenyewe, Mkurugenzi wa Visiwa. Naibu wangu, ambaye pia ni shemeji yangu. Mama watoto, uliyekalia kiti pekee kikavu. Wafadhili wetu mlioko angani ndani ya ndege. Na ninyi vibarua mliotoka mbali, mliosimama majini hadi kifuani mkiwa mmejitwika matawi: itifaki imezingatiwa! (Makofi jukwaani. Majini hakuna mwenye mkono wa kupigia.)

Ndugu zangu, nilipokabidhiwa kinamasi hiki nilikuta kisiwa kimoja tu, kilichoanza kama kichuguu cha mchwa, ndege wakatua wakaangusha mbegu na mavi, miti ikaota, majani yakaoza yakawa udongo, mizizi ikaushika udongo usichukuliwe na maji, na kazi yote hiyo ikala umri wa babu yangu na wa baba yake, bila mpango kazi, bila semina, bila hata kikao kimoja cha tathmini! (Naibu: "Aibu!") Nikajiuliza, je, maendeleo yasubiri choo cha ndege? Ndipo nikabuni Mradi Shirikishi wa Kuharakisha Visiwa, tukakikata kisiwa kile kikabaki kipara, pakapatikana mahali pa jukwaa hili na matawi ya kuwatosha ninyi nyote, na kwa takwimu nilizozitunga mwenyewe, kwa uadilifu mkubwa, tumefikia asilimia mia moja na nne ya lengo.

(Sauti majini: "Bosi, ruba kaingia kwenye suruali!")

Huyo si ruba, ndugu yangu, ni bayoanuwai, na ukimtoa utatushushia asilimia. (Kicheko jukwaani.)

(Mpishi wa kambi, chini ya tawi lake: "Mzee, ulituapia ndege ikishapita tu, boti inatupeleka kwetu. Mimi mwanangu kazaliwa nikiwa huku, hata sura yake siijui.")

Mpishi, hoja yako nimeipokea, nimeithamini, na nitaiundia kamati.

(Mama watoto: "Baba, jukwaa linazama!")

Halizami, mama, linashuka kuwafikia wananchi, jambo ambalo watangulizi wangu wote walishindwa. (Maji yanafika kwenye soksi.) Kimya! Ndege hiyo! Matawi juu, migongo chini! Wewe mpishi, meza hiyo chafya, umeona wapi kisiwa kikapiga chafya? Tulia... tulia... imepita! Na simu imeingia sasa hivi: wafadhili wameona visiwa, wamelia kwa furaha, na watakuwa wanarudi kila mwezi kuvitazama. Visiwa oyee! (Naibu: "Oyee!") Matawi juu! (Naibu: "Juu zaidi!") Midomo je? (Naibu, peke yake: "Ifungwe!")

Nawashukuru sana, vibarua wangu, kwani mche hatukununua hata mmoja, shimo hatukuchimba hata moja, na bila vichwa vyenu mradi huu usingekuwapo hata kwa dakika ile moja uliyokuwapo. Boti, kwa kuwa maji yamenifika magotini, itatubeba mimi, mama watoto, shemeji na viti. Ninyi bakini papo hapo mlipo. Tangu lini kisiwa kikataka kurudi kwao?

(Kisiwa cha mpishi kinapiga chafya. Kisha visiwa vyote vinageuka na kuanza kutembea kuelekea kwenye boti.)