Ombi la Talaka Baada ya Nne Bila

Kwa Katibu Mkuu,
Klabu ya Mpira wa Miguu ya Mtikisiko,
Chumba cha pili baada ya choo, chini ya jukwaa kuu.

Ndugu Katibu Mkuu,

KUHUSU: KUACHWA NA KLABU KWA HERI, KWA MAANDISHI NA KWA MHURI

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wote wa nyumbani kwako. Hali ya timu siulizi, nimeiona kwa macho yangu. Mimi ni fundi wa kufuli na funguo. Kibanda changu kiko kati ya duka la dawa na saluni, na ni shabiki wa Mtikisiko kwa mwaka wa ishirini na sita sasa. Sikuichagua timu hii. Niliirithi kwa marehemu baba pamoja na masikio haya makubwa. Leo nakuandikia kwa heshima zote kuomba jambo moja tu: nipewe talaka. Simaanishi talaka ya mke, kwani huyo ndiye ninayemtafuta. Naomba klabu iniache mimi, iandike kwamba imeniacha, kisha igonge mhuri.

Najua ombi hili halijawahi kufika mezani kwako, kwa hiyo nimepanga sababu zangu kwa namba ili tusipotezane njiani.

1. Kujenga timu. Miaka sita iliyopita ulisimama mbele yetu ukasema tuvute subira, tunajenga timu. Wiki hiyohiyo jirani yangu, fundi wa rangi, alichimba msingi wa nyumba. Sikukusudia kuwalinganisha, ila dirisha langu linatazama kiwanja chake. Tangu hapo ameinua kuta, amefunga lenta, amepaua, amepiga plasta, amepata mpangaji, wamegombana na mpangaji amehama. Sisi bado tunajenga. Nauliza bila ubaya wowote: tumefika wapi? Milango ndiyo kazi yangu, na kila Jumamosi naona goli letu lipo lakini mlango haupo. Mlinda mlango mnamwita Ukuta. Sisi wa jukwaa la jua tunakubali kwamba ni ukuta, ila tunaona mlisahau kutia madirisha vioo.

2. Jina la klabu. Mtikisiko ni jina zito, na mwenye jina zito hutarajiwa kutikisa kitu. Tangu mwezi wa pili, ukiacha wavu wetu wenyewe, wavu pekee niliouona ukitikisika ni chandarua changu, nacho kilitikiswa na paka. Wiki iliyopita timu ilipumzika, haikucheza na mtu, na hayo ndiyo matokeo yetu bora msimu huu. Tuliyasherehekea kibandani kwangu watu wanne.

3. Utulivu. Kila tukifungwa unatoa taarifa kuwataka mashabiki wawe watulivu. Nimekutii, Ndugu Katibu, na utii huo umeniharibia kazi. Jumatatu moja, baada ya kufungwa tatu bila, nilitulia na tupa mkononi mpaka mteja akaenda kumuuliza mama wa saluni kama mimi ni mtu au ni tangazo. Siku hiyo nilimchongea mwalimu mkuu ufunguo wa ofisi yake. Ofisi ulikataa kuifungua, lakini ulifungua stoo ya chaki, kabati la walimu wawili na gari la mgeni aliyekuja kukagua shule. Mwalimu mkuu alikuja kunishukuru kwa maneno ambayo sikutegemea kuyasikia kwa mtu wa elimu yake.

4. (Sababu hii nimeifuta mwenyewe baada ya kunawa uso, kwa kumheshimu kocha na mama yake mzazi.)

5. Nne bila. Hapa naomba uketi, kama bado mna viti.

Jumamosi ile tulipofungwa nne bila, nilirudi nyumbani nikajilaza kwenye kochi na fulana ya klabu mwilini, nikageukia ukutani. Jumapili asubuhi mama mkwe alipiga simu kumsalimia binti yake. Akauliza mbona mkwe haji kwenye simu. Mke wangu alikuwa na sufuria mkono mmoja na simu mkono wa pili, akajibu kwa kifupi, “Mwache huyo, mama, kafungwa nne bila.” Chaji ikaisha hapohapo.

Mama mkwe, Ndugu Katibu, hajatazama mpira tangu azaliwe. Alichosikia ni kwamba mume wa binti yake amefungwa miaka minne bila faini. Utaniambia kwamba miaka ni minne, si nne. Ni kweli, lakini mama anayelia hasahihishi sarufi. Akawaita mashangazi, wakalia kwa zamu. Jumatatu alfajiri akapanda basi na blanketi la kijivu, mswaki, vipande viwili vya sabuni na mjomba mmoja wa kuzungumza na wakubwa.

Alipitia kwanza kibandani kwangu. Siku hiyo sikufungua kwa sababu ya msiba tulioupata, kwa hiyo alikuta kufuli linaning'inia. Akamuuliza muuza dawa, ambaye ni mshabiki wa wale waliotufunga. Muuza dawa alijibu kwa furaha yote ya moyo wake: “Fundi kafungwa, mama. Tena si mara ya kwanza. Wiki ya juzi alifungwa tatu, na kwa mwendo huu mwaka huu atafungwa sana.” Mama mkwe akaelewa kwamba alimwoza binti yake kwa mhalifu sugu.

Kutoka hapo wakaenda moja kwa moja gerezani. Walipanga foleni, na zamu yao ilipofika mama mkwe akamwambia askari wa getini kwamba anamtafuta mkwewe, fundi wa kufuli, aliyefungwa nne bila. Askari yule ni wetu. Naambiwa alivua kofia, akafuta macho kwa kiganja, akasema, “Pole, mama. Hata mimi nimefungwa. Tumefungwa wengi.” Mjomba akamshika mama mkwe asianguke. Nchi gani hii, mama mkwe aliuliza njiani, inayofunga hata askari magereza?

Saa nane mchana wakaingia nyumbani kwangu kumfariji binti yao, wakanikuta kwenye kochi. Mama mkwe alipiga ukelele kwamba nimetoroka. Mjomba akaenda kufunga mapazia. Ilituchukua mimi na mke wangu muda mrefu kueleza kwamba hakuna kesi, hakuna hakimu, ni mpira tu, na kwamba bila maana yake ni sifuri. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alilikumbatia lile blanketi, akasema: “Heri ingekuwa jela. Mfungwa ana siku yake ya kutoka. Huyu wako anatoka lini?” Alimuuliza mke wangu, nami nilikuwa palepale nikisikia.

Mke wangu alinitazama, akaitazama fulana, akaingia chumbani kufunga mzigo wake na wa watoto wetu wawili. Mama mkwe alitoa sharti moja mbele ya mjomba kama shahidi: binti yake atarudi siku nitakapoleta barua ya klabu, yenye mhuri, inayothibitisha kwamba mimi na Mtikisiko tumeachana na hatudaiani. Maneno ya mdomo hayataki. Anasema mwanamume akiapa kwamba ameacha, nusu saa baadaye utamkuta redioni.

6. Nyumba. Leo ni siku ya kumi. Sitaki kukuchosha, lakini sababu hii ndiyo kubwa kuliko zote. Kitasa cha mlango wa chumba chetu kilikuwa kibovu kwa miaka mitatu. Mke wangu alikuwa akinikumbusha, nami nikimwambia nitakitengeneza timu ikitulia. Mganga hajigangi. Siku ya tatu tangu aondoke nilikifungua, nikakisafisha, nikakitia mafuta na kubadili springi. Sasa kinafunga vizuri kuliko kitasa chochote mtaani na hakuna ninayemfungia wala kumfungulia. Nakipandisha na kukishusha, basi. Chai napika ya watu wawili kwa mazoea, kisha naimwaga. Nampenda mke wangu, Ndugu Katibu. Nimeona niliandike wazi kwa sababu sikumbuki mara ya mwisho nilipomwambia, lakini wachezaji wako nawaambia kila wiki, tena kwa kupaza sauti.

Kwa sababu hizo tano na ile iliyofutwa, naomba talaka yangu iwe na masharti yafuatayo.

Kwanza, klabu ikiri kwamba kosa ni lake. Mimi sikuwahi kukosa mechi ya nyumbani hata siku ya harusi yangu, na siku hiyo nilichelewa kanisani kwa sababu kulikuwa na dakika za nyongeza.

Pili, mgawanyo wa mali. Bendera na tarumbeta nitavirudisha. Watoto wawili wabaki kwangu, ingawa mkubwa tumezoea kumwita kwa jina la nahodha wenu wa zamani na sasa haitikii jingine. Utani wa muuza dawa ubaki mali ya klabu. Mjumbe wenu anaweza kuja kuuchukua siku yoyote ya kazi.

Tatu, niko tayari kukaa eda ya msimu mzima bila kushabikia timu nyingine, ili watu wasije wakasema nilikuwa na mpango wa kando.

Nne, mhuri uwe ule wa duara wenye jina la klabu na tarehe. Mama mkwe alikuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini. Ukimpelekea ule wa mstari mmoja ataurudisha.

Sidhani kama ninaomba makubwa. Mchezaji akichoka na klabu hupewa barua, akaagwa kwa picha na shada la maua. Kocha akichoka hupewa barua. Hata wewe siku ukichoka, na tunaomba isiwe mbali, utapewa barua. Kwa nini shabiki peke yake aingie bila karatasi na azikwe bila karatasi? Kama kuna kikao kinachohusika na mambo haya, nitafika mwenyewe kujieleza. Kama mlango wa ofisi umekwama, nitakuja na vifaa vyangu.

Nifikishie salamu kwa wajumbe wote wa kamati, hasa wale wanaosinzia. Msalimie kocha, mwambie yale ya namba nne nimemsamehe. Msalimie daktari wa timu, pia yule mzee anayekata nyasi na ambaye ndiye pekee anayeonekana kuufahamu uwanja, mpiga picha, dereva wa basi, na Ukuta. Wasalimie mashabiki wa jukwaa la jua mmoja mmoja. Waambie nimeondoka kwa amani na nafasi yangu, safu ya saba karibu na nguzo, wamwachie mtu mwembamba.

Nakutakia kazi njema, subira njema, na ujenzi mwema.

Wako kwa mara ya mwisho,

Fundi wa Kufuli, jirani ya saluni

Tanbihi: Barua hii niliiandika Alhamisi lakini posta nilichelewa, na leo ni Jumapili. Jana mchana nilipita uwanjani mara moja tu, kuaga. Unajua kilichotokea, tumefungwa mbili moja. Lakini ile moja, Ndugu Katibu! Najua wengine wanasema beki wetu alikuwa amegeuka kumlaumu mwenzake, mpira ukamgonga mgongoni ukaingia. Waache waseme. Mgongo ni wetu na wavu umetikisika. Niliruka, nikamkumbatia mtu wa nyuma yangu bila kumtazama, na sauti ikaniambia sikioni kwamba tangu ile nne bila fulana hii ina siku kumi na nne haijafuliwa. Hakuna mtu mwingine duniani anayehesabu siku za fulana yangu.

Mke wangu alimuaga mama yake kwamba anakwenda kutazama vitambaa. Kumbe alikuja kumwona mke mwenzie ana sura gani, mbona anamshinda miaka yote hii. Alikaa mpaka filimbi ya mwisho. Tulipokuwa tukitembea kurudi nyumbani, nilimuuliza ameonaje. Tulipofika kwenye kona ya kwetu akasema alikuja na nia ya kugombana naye, lakini amemkuta hoi, na mke mwenza mgonjwa hafukuzwi, anauguzwa kwanza. Jumamosi tunakuja wawili.

Barua naituma kesho hivihivi, ili mama mkwe aione risiti ya posta. Akipiga simu ofisini kuulizia talaka, mwambie mhuri umepotea.