Mtu Mmoja tu Acheze Umeme wa Mwili

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi. Upepo wa Tunduma umeingia mpaka ndani ya soksi. Mama Elina, mke wangu, ametoa hukumu wakati wa chai: chumba cha uani anakitaka. Dada yake wa Igamba amempa mashine ya kutotolesha vifaranga, trei nne, na mashine inahitaji chumba chenye umeme. Chumba chenye umeme kina kinanda changu.

Nikamwuliza kama anajua kinanda kile ni kitu gani. Kosa. Akasema anajua, nimemweleza tangu Elina yuko chekechea, na Elina sasa ana watoto watatu.

Naweka wazi hapa kwa faida ya yeyote. Kinanda changu ni cha analojia. Hakina tarumbeta iliyofungiwa ndani wala filimbi ya kuazima. Umeme wenyewe unatikiswa, ukitikiswa unakuwa sauti, na mpigaji anaichonga sauti hiyo kwa vifundo vya kuzungusha thelathini na viwili. Muziki wake nilikutana nao mwaka 1986, nilipopelekwa Ubelgiji kusomea ufundi wa redio. Ghala lililo chini ya duka la viatu. Vijana wenye mabuti ya jeshi wakikanyaga sakafu kama wanashindilia barabara. Mdundo mmoja, besi moja, jasho! Nikarudi nyumbani, nikafundisha Fizikia miaka thelathini na moja, nikastaafu. Kinanda nilikipata zamani, Elina akiwa chekechea, Nakonde ng'ambo ya mpaka, kwenye misheni iliyokuwa inafunga stoo yake. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeucheza muziki wake. Hata mmoja.

Nikakata rufaa. Mama Elina akafikiri, akanipa masharti. Kabla ya Jumamosi kwisha, mtu mmoja acheze. Kwa hiari yake. Bila kuahidiwa soda. Akicheza, kinanda kinabaki. Asipocheza, vifaranga wanahamia.

Mmoja tu! Katika mji uliojaa watu namna hii! Nimekwisha shinda.

Jumanne, 15 Julai

Mbinu ya kwanza: madereva. Foleni ya malori ya kuvuka kwenda Zambia ni ndefu, watu wamekaa humo siku mbili, miguu imekufa ganzi. Hadhira gani bora kuliko hiyo? Abdul wa bodaboda akanibeba mimi, kinanda na spika. Nikaomba umeme kwa Fauzia mwenye kibanda cha chai.

Nikawasha. Besi ikaunguruma. Ndani ya dakika moja madereva watatu wakashuka. Nikaongeza sauti. Wakafungua boneti.

Mmoja alisema hiyo ni kompresa imekufa. Wa pili akabisha: beringi. Wa tatu, Mzambia, alilala kifudifudi, akaingia chini ya lori lake na kuanza kugonga vyuma. Ikabidi nizime, niwaambie kwamba malori ni mazima, ni mimi. Mzambia akachungulia, uso umejaa grisi, akaniuliza, "Ba mudala, mzee wangu, kwa hiyo umetengeneza ugonjwa wa lori kwa makusudi?"

Nikawaeleza tofauti ya wimbi la msumeno na wimbi la mraba. Dakika arobaini. Katikati ya maelezo foleni ikasogea. Foleni ambayo haikusogea tangu Jumapili! Fauzia amesema nirudi kesho nifundishe tena, mizigo itafika Lusaka mapema.

Waliocheza: sifuri.

Jumatano, 16 Julai

Sebastian kapita. Huyu ndiye mpiga kinanda wa kwaya. Chombo chake ni cha kisasa, kina midundo mia mbili iliyopikwa tayari. Anabonyeza, anakunja mikono. Eti huyo ni mpigaji! Akaniuliza mgonjwa wangu, yaani kinanda, anaendeleaje. Akasema wanakwaya wake huanza kucheza hata kabla hajabonyeza. Kisha, akiwa amekwisha nipa mgongo: "Mwalimu, muziki ukihitaji maelezo, huo ni mtihani."

Wivu.

Mbinu ya pili: tangazo. Nimetafsiri mwenyewe, neno kwa neno. Kule Ulaya huitwa muziki wa mwili, kwa kuwa haulengi kichwa wala moyo, unalenga misuli. Na husemwa ni wa chini ya ardhi, kwa kuwa haupigwi redioni, unatafutana na wapenzi wake kimyakimya. Kwa hiyo:

UMEME WA MWILI! MOJA KWA MOJA KUTOKA CHINI YA ARDHI! ALHAMISI SAA NNE ASUBUHI, KWA MWALIMU YONASI. HAKUNA ATAKAYEBAKI KAMA ALIVYOKUJA!

Nakala sita, herufi kubwa. Mama Elina kasoma, akaniuliza kama nina uhakika. Uhakika! Nimesahihisha kazi za watu miaka thelathini na moja.

Alhamisi, 17 Julai

Saa tatu na nusu walikuwa wamefika ishirini na tisa. Nilitamani Sebastian awahesabu yeye mwenyewe. Kisha nikaona mikongojo.

Bibi Roda amekuja na picha ya eksirei ya goti, ndani ya bahasha. Mzee Seleman, msafirishaji wa kutoka Tanga, amekuja na mgongo. Akataka kujua umeme unawekwa upande gani, na kama mtu anatakiwa awe hajala. Getini walisimama akina mama wawili wa maombi. Sebastian amewaambia kilicho chini ya ardhi ni kuzimu, hivyo walikuja kukemea. Lakini mmoja wao kiuno kinamsumbua. Akaomba atibiwe kwanza, kukemea kufuate.

Nikawaeleza wote kwamba hii si tiba. Somo zuri, nasema kweli. Nilianzia kwenye sumaku. Mzee Seleman akasinzia. Bibi Roda akanikatiza: mwanangu, goti halijui Fizikia, washa.

Nikawasha. Bibi Roda akaegemeza goti kwenye spika, akafumba macho. Mwenye kiuno akafuata. Wengine wakabanana kwenye benchi lililogusana na spika. Benchi zima likatikisika kwa mdundo mmoja! Mashavu yanatikisika, mikongojo inatikisika! Nikamwita Mama Elina mbiombio aje ashuhudie.

Akatazama kwa muda mrefu. Akaamua kwamba anayetikiswa hachezi. Hata gunia kwenye mashine ya kusaga hutikisika, na hakuna aliyewahi kulipigia makofi.

Bibi Roda atarudi kesho. Goti limepata joto.

Ijumaa, 18 Julai

Mbinu ya tatu, ya kijasiri: mazoezi ya kwaya. Kama wanakwaya wanacheza kabla ya kubonyezewa, basi kasoro si ya miguu yao. Nikamfuata Jenista, mwalimu wa kwaya, ambaye nilimfundisha kidato cha pili na bado husimama akiniona. Akanipa dakika tano. Sebastian akakaa pembeni na tabasamu la mtu anayesubiri gari ligonge ukuta.

Dakika nne nilizitumia kwa utangulizi. Ulikuwa mfupi mno, lakini nilijibana. Dakika ya tano nikawasha. Hapa sina budi kueleza: kifaa cha analojia kikipata baridi, sauti yake huhama. Na kilikuwa kimepigwa upepo njia nzima. Kikatoa mlio wa ng'ombe aliyekwama matopeni, ukishuka, ukishuka, mpaka ng'ombe akakata tamaa.

Kwaya ilicheka hadi sauti ya pili ikakaa chini. Jenista alijifunika uso kwa daftari la nyimbo, akasema, samahani Mwalimu, samahani sana, na mabega yake yakaendelea kucheka. Sebastian akabonyeza kitufe chake. Wote wakainuka, wakacheza.

Hata mguu wangu. Wa kushoto tu. Hili halitoki humu.

Jumamosi, 19 Julai

Siku ya mwisho. Tangu asubuhi nilikifunika kinanda kwa blanketi, nikaweka jiko la mkaa karibu ili kipate joto. Saa nane Ambilikile seremala akaja na kipimo chake, kwa ajili ya rafu za trei. Sebastian akaja pia. Alisema amekuja kumsaidia Ambilikile kubeba. Mtu mwema kweli!

Nikawasha kwa ajili yangu mwenyewe, buriani. Nikazungusha kifundo hiki, nikarudisha kile. Ghafla ikatokea. Besi ileile ya Ubelgiji. Nzito, kavu, inarukaruka kama mpira kwenye ngazi.

Mama Elina alikuwa ameshika ncha ya kamba ya kupimia. Kisigino chake kikapiga chini. Kikapiga tena. Bega likajibu. Akaiachia kamba, akashika kiuno, akaingia katikati ya chumba akikanyaga, akigeuka, macho chini, hana habari na mtu. Alikuwa anacheza! Ambilikile akapiga mluzi. Sebastian akasema, jamani, Mama Elina! Hata yeye akaanza kutikisa kichwa.

Furaha ilinizidi. Nikazima kinanda ili nimweleze anachokisikia.

Nilimwonyesha kifundo baada ya kifundo. Hiki hufungua mlango wa sauti, nikakifungua. Hiki huufunga, nikakifunga. Nilifika sehemu ya tatu kati ya saba za maelezo yangu. Yeye amesimama palepale, mkono kiunoni, mguu mmoja mbele.

Sebastian, sikutegemea, alinitetea. Akasema ameona kwa macho yake, mama amecheza, Mwalimu ameshinda. Mama Elina akasema hapingi. Alikuwa anacheza, nami nimemkatisha. Niupige uleule, amalizie, kisha kinanda kibaki hadi siku nitakayozikwa.

Uleule! Kinanda cha analojia hakina kumbukumbu. Sauti inaishi kwenye vifundo vilivyosimama mahali pake, na zaidi ya kumi nilikuwa nimevizungusha nikieleza. Nilijaribu. Ikatoka nyuki. Ikatoka treni. Ikatoka kompresa. Mama Elina alisubiri saa nzima na nusu, mguu mbele, maharage yakaungua jikoni, hakwenda. Mwishowe akaurudisha mguu, akaiokota kamba. Alimwambia Ambilikile apime. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Kinanda kiko barazani, chini ya turubai.

Jumapili, 20 Julai

Trei nne zimejaa mayai. Leo baada ya ibada nimekaa barazani na kinanda, waya nimeupitisha dirishani. Nimetafuta sauti ile tangu saa sita. Hakuna.

Kisha nikasikia kitu jikoni. Mama Elina anakata vitunguu na kuimba kwa midomo iliyofungwa. Dum-du-du-dum. Ndiyo yenyewe! Besi ile, nzima, pamoja na ule mruko, na kisu kinagonga ubao mahali pa ngoma. Kumbe kumbukumbu ipo, iko kichwani mwake! Ningekaa kimya tu, nikazungusha vifundo huku nikimfuatisha, ningeipata ndani ya dakika kumi.

Nikakimbilia jikoni kumweleza kwamba anaimba kwa kasi ya mapigo mia na kumi na nane kwa dakika, wakati ya jana ilikuwa mia na ishirini, na kwa nini.

Akanyamaza.

Nimerudi barazani. Nimekaa hapa nusu saa nikisikiliza, hakuna hata kisu. Sijui watu wana nini. Ndio kwanza nilikuwa nimefika sehemu ya nne.