Habari Kuu za Mchoro wa Punda Uliokosa Mnunuzi

Sogeeni, enyi mnaosinzia vikaoni, nanyi mnaotikisa vichwa mbele ya majedwali msiyoyaelewa, mpate habari za Bwana Takwimu, mchambuzi wa nyumba ya mnada, shujaa wa miwani miwili, aliyeingia vitani juu ya kiti kilegevu akatoka na ushindi.

Ilikuwa siku ya pili baada ya mnada wa michoro. Kazi zote zilipata wenyewe, isipokuwa punda mmoja wa rangi ya mafuta. Bibi aliyemchora alikwisha kupiga simu asubuhi kusema kwamba kama watu wamemkataa, basi brashi zake atazigawa, yatosha. Ndipo Mkurugenzi, jemadari wa tai pana, akasimama mbele ya wakuu wa idara akahutubu.

"Ndugu zangu, soko limenena. Zama za punda zimepita. Andika, Bwana Takwimu, kwamba soko la mama huyu limekufa."

Wote wakaafiki. Shujaa wetu naye angeafiki, maana ana watoto shuleni, lakini moyo ulimkatalia. Akaomba muda kidogo, akajifungia na video ya mnada, akaizingira mbele na nyuma, miwani hii akivua na ile akivaa, hata adui akajitokeza. Punda alipopandishwa tu jukwaani, mlango wa pembeni ulifunguliwa na birika la chai likaingia. Safu kwa safu viti vikabaki vitupu, dalali akawa anayanadia mapazia. Na wa kwanza kunyanyuka, tena kwa mbio, alikuwa jemadari wa tai pana.

Kumwonyesha bosi picha ile kulitaka ushujaa ambao siku hizi hauimbwi. Bwana Takwimu alimwonyesha. Mkurugenzi akatazama, akauliza kama wengine wameiona, akaambiwa bado, na papo hapo hekima ikamshukia. Ripoti ikaandikwa kwamba punda hakukataliwa na mtu, na kwamba atanadiwa upya.

Shujaa akampigia bibi simu.

"Kwa hiyo si kwamba hawakumpenda?" bibi akauliza.

"Hawakumwona, mama. Walikuwa wanakunywa chai."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Akasema brashi nene ameshampa jirani, na kwamba shujaa akate simu, yeye ana safari.

Basi na iandikwe, wajukuu wasimuliwe: siku ile majeshi ya chai yalivunjwa, na mwanamke mmoja akavuka barabara na kandambili zake, kwenda kwa jirani kudai kilicho chake.