Ombi la Kuwatetea Wanaume wa Kundi la Tumerudi

Mutaho, Gitega

Kwa Dada Donatienne,
Msimamizi wa kundi la Watsapu la Tumerudi,

Natumaini u mzima hapo sokoni Gitega. Mimi ni Kasiano, niliyerudi Burundi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania na familia yangu, na sasa ni katibu wa wanaume waliodhalilishwa katika kundi lako.

Wiki iliyopita Jeska, mjane wa hapa Mutaho, aliweka kundini picha yake akiwa na baiskeli iliyojaa maparachichi, akitafuta wanunuzi. Manase, kiongozi wa kwaya yetu, akamwandikia pembeni: "Naona mawili ambayo hujayatajia bei." Jeska aliponyamaza, akaongeza kwamba mwanamke mwenye maringo hatauza kitu Mutaho. Basi Jeska akaupiga picha ujumbe wote, akauweka kundini, jina na namba, na chini yake akaandika: "Kaka Manase, bei ni ileile kwa kilo. Mengine muulize mama watoto."

Malalamiko yetu ni haya:

1. Kambini, mtu alimtongoza mwanamke kwenye foleni ya maji. Akikataliwa, waliocheka ni wa foleni hiyo tu. Leo wanacheka mpaka Muyinga. Hii ndiyo amani tuliyoirudia?

2. Manase akiinua mkono kuanzisha wimbo, sauti ya kwanza yote inaangua kicheko. Jumapili aliimba peke yake.

3. Tulijaribu kulinda heshima kwa kukaa na simu za wake zetu. Moïse alichukua ya mkewe, na jioni hiyohiyo akatumiwa mabusu na Nazario, mzee wa kanisa mwenzake. Hawasalimiani tena.

4. Tukafungua kundi la wanaume watupu. Hakuna auzaye wala anunuaye. Tunatakiana asubuhi njema, kisha kimya.

Kwa hiyo tunaomba wanawake wabaki kundini, maana biashara ni yao, lakini wabaki bila sura, bila sauti na bila kumbukumbu. Maparachichi nayo yapigwe picha yakiwa ndani ya gunia.

Wasalimie mzee Bagalwa na wenzako wote wa sokoni. Jeska naye msalimie, ila kwa mdomo; usimwandikie.

Ni mimi, kwa niaba ya heshima iliyobaki,
Kasiano

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha binti yangu Emerensiana, mwalimu, aliponionyesha ujumbe aliotumiwa na mwanaume wa Muyinga, mtu wa rika langu. Alikuwa ameuficha tangu Jumapili, akiogopa nitamnyang'anya simu. Nimemwambia auweke kundini, na jina lionekane vizuri. Tafadhali, dada, usiufute.