Dakika Tatu za Bi Mwanahawa

Jumatatu, 2 Oktoba 1972
Bwana Gaudensi, mkuu wa ofisi yetu ya habari, ametangaza nafasi moja ya kwenda Dar es Salaam kusomea upigaji filamu. Ni mimi au Erasto. Atakayefanya vizuri Alhamisi, tukimhoji Bi Mwanahawa, mkulima wa korosho upande wa Naliendele, ndiye ataondoka. Erasto atapiga kamera, mimi nitauliza maswali na kushika maiki ya tepu ya kurekodia sauti. Mkanda wa filamu ni mmoja tu, dakika tatu kasoro. Kijitabu cha maelekezo nacho kimoja. Nimekificha. Erasto amekitafuta mpaka chini ya kabati, nami nikainama kumsaidia. Naona aibu kidogo. Lakini Dar ni Dar.

Jumanne, 3 Oktoba
Nimesoma. Jua lisikae nyuma ya anayehojiwa, uso utakuwa mweusi tii. Maiki iwe karibu na mdomo. Kitambaa cheupe hurudisha mwanga usoni. Nimeanua shuka la dada Rozalia kambani, hajajua bado. Ukurasa wa mwisho unahusu kupanga muda. Usingizi ulinishika hapo.

Alhamisi, 5 Oktoba
Sijui niandikeje. Bi Mwanahawa alitutandikia mkeka, akavaa khanga mpya. Mwaka jana magunia yake manne yalirudishwa kwa unyevu, akalia. Sasa amejua kuzianika korosho, anataka wenzake nao wajue kabla hawajauza. Maneno yake ni ya dakika moja tu. Ameyafanyia mazoezi siku mbili.

Erasto alishauri tusalimiane kwanza, kisha ndipo awashe kamera. Nikamwambia labda huko kwao Dodoma. Huku mama wa watu humwanzi na maswali kama karani wa kodi, na watazamaji waione adabu yangu. Ukweli nilitaka nionekane mimi.

Akawasha. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani. Nzuri. Mama je? Hajambo. Na ule mguu wake? Nikaueleza mguu. Na mjomba Filipo wa bandarini? Nikamweleza mjomba Filipo. Kumkatiza nikaona haya. Tulipofika kwa watoto wa shangazi, kamera ikanyamaza. Mkanda umekwisha.

Ndipo Bi Mwanahawa akasafisha koo na kuanza habari za korosho. Alisema yote, vizuri kabisa, akiitazama kamera iliyokufa. Sikuthubutu kumwambia.

Ijumaa, 27 Oktoba
Mkanda umerudi kutoka Dar ulikopelekwa kusafishwa. Bi Mwanahawa amekuja kuutazama, kwa miguu, na saumu yake ya Ramadhani. Tukaziba madirisha kwa mablanketi.

Uso wangu unang'aa. Shuka la Rozalia lilinielekea mimi! Bi Mwanahawa ni kivuli tu, jua liko mgongoni kwake. Kwenye tepu, ambayo haikuzimika pamoja na kamera, mguu wa mama unasikika barabara. Korosho ni upepo mtupu, na mimi ninaitikia ee, ee. Maiki ilikuwa karibu na mdomo kweli. Mdomo wangu.

Bi Mwanahawa akauliza taratibu korosho zinaanza lini. Filamu ikawa imekwisha. Akasema haidhuru mwanangu, mama yako atafurahi ulivyomtaja vizuri. Afadhali angenitukana. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia Bwana Gaudensi kila kitu, hata kijitabu. Erasto ndiye anayekwenda Dar, na ni haki yake.

Jumamosi, 28 Oktoba
Sistahili, lakini Erasto ameniombea kwa mkuu. Nimepewa mkanda mwingine, wa mwisho. Jumatatu narudi kwa Bi Mwanahawa. Bado kuna wakulima hawajauza, maneno yake yatawafaa. Rozalia ameniazima shuka mwenyewe, baada ya kunisema sana.

Nimeona aibu ya kutosha, sirudii makosa. Jua litakuwa mgongoni kwangu, maiki mdomoni kwake. Na kabla ya korosho, kamera ikishawashwa, nitamwomba Bi Mwanahawa radhi mbele ya watu wote. Maneno yenyewe nimeshayaandika. Kurasa nne.