Mzabibu wa Langoni

Jumatatu, 3 Machi
Kazini nimepewa shamba la shangazi! Mistari arobaini ya mizabibu, nikague kirusi kinachokunja majani, kuyageuza mekundu na kuzinyima zabibu utamu. Kila mstari majani manne, mfuko wake, namba yake kwenye fomu. Robo ya mistari ikiugua, shamba lote linang'olewa. Shemeji, mkaguzi mwenzangu, kapewa shamba jirani. Anatembea na kioo cha kukuzia kama fundi saa! Atakayemaliza kwanza anapanda cheo. Jua kali. Nikachuma majani yote kwenye mzabibu mmoja wa langoni, penye kivuli. Nimeuacha kama kuku aliyenyonyolewa. Mifuko arobaini, nusu saa!

Jumatano, 5 Machi
Majibu ya maabara. Mistari yote arobaini: migonjwa. Kumbe katika shamba zima, mzabibu mgonjwa ndio nilioupata mimi! Shangazi kakaa kizingitini. Akaniuliza kama kweli nilifika mstari wa mwisho, aliopanda na marehemu mume wake. Nikaapa. Nimeona aibu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeenda kuchungulia. Mistari kumi ya kwanza imekuwa myekundu. Jana ilikuwa kijani! Majani yamejikunja kwa chini, na hakuna upepo. Katika kila mstari, mzabibu mmoja umenyofolewa majani manne. Mimi huko sikufika! Shemeji anasema kirusi hiki huchukua miaka kuenea. Nikamwambia asinifundishe kazi.

Ijumaa, 7 Machi
Mistari thelathini na tisa. Imefuata fomu yangu, namba kwa namba. Umebaki wa marehemu. Na mzabibu wa langoni umechipua upya, kijani kibichi! Naogopa kuupita. Nikamweleza shemeji yote. Akasema niseme ukweli, na huo mmoja niukague kwa miguu yangu. Shangazi naye kanishika mkono, kaniomba twende pamoja. Nikasema kesho.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepata dawa! Fomu ndiyo iliyoleta ugonjwa, fomu ndiyo itakayouponya. Nimechukua fomu mpya, nikaandika "mzima" mara arobaini. Majani mabichi nimeyachuma palepale langoni. Robo saa tu, tena nimekaa kwenye kiti cha shangazi. Mwenyewe alichoka kunisubiri, akatangulia. Sasa hivi ameita kutoka mstari wa mwisho, analia: unageuka mwekundu, jani kwa jani, niende upesi. Nimemjibu asiwe na wasiwasi, kwenye fomu ni mzima. Jumatatu naomba shamba kubwa zaidi.