Babu Miba na Wajukuu Zake

Jumatatu, 13 Mei
Aibu! Leo nimewafundisha watoto wa chekechea namna majani yanavyojitengenezea chakula. Nilijiandaa wiki nzima. Nina shahada ya mimea, mimi! Wawili wakalala. Mmoja akala ua. Kisha akaja Jeppe, mwanagenzi mwenzangu hapa bustani ya mimea, na kigitaa chake cha nyuzi nne. Akaimba wimbo wa konokono. Watoto wote wakamfuata bustani nzima kama vifaranga wa bata. Bi Rigmor, mkuu wetu wa elimu ya watoto, akatabasamu. Bi Rigmor huwa hatabasamu! Akatukumbusha kwamba Agosti ataajiri mmoja tu kati yetu. Macho kamkazia Jeppe. Mama kapiga simu kutoka Odense kuuliza kama nimeshapata kazi. Nimemwambia karibu nitapata.

Jumanne, 14 Mei
Nimepata! Kwenye nyumba ya vioo ya mimea ya jangwani kuna dungusi refu kuliko mlango, na nyuma yake upenyo kati ya mawe. Nikajibana humo kabla watoto hawajafika. Jeppe alipowaleta tu, nikanguruma kwa sauti nzito, "Hamjambo, wajukuu zangu? Mimi ni Babu Miba." Kelele! Vifijo! Jeppe kabaki mdomo wazi. Maswali yakamiminika. Babu, unaoga? Babu, choo chako kiko wapi? Nikayajibu yote kisayansi, na safari hii hakuna aliyelala. Makalio yamejaa miiba, lakini roho yangu kwatu.

Jumatano, 15 Mei
Watoto wamerudi na wenzao. Binti mmoja, Vilja, kibogoyo wa meno ya mbele, akamuuliza Babu Miba kama anamjua yule kaka anayechosha, Asger. Asger ndiye mimi! Nikajisifu kwa unyenyekevu: nikasema Asger ni bingwa, ni mpole, tena ana sura nzuri. Vilja akanihurumia. "Babu, wewe huna macho, ndiyo maana." Hasira zikanipanda mpaka nikapiga chafya. Balaa! Wakaamua Babu ana mafua. Wakamvisha skafu. Wakampaka, eti dawa, maini ya kusaga waliyoyakwangua kwenye mikate yao myeusi ya chakula cha mchana. Wakammwagia maji, ndoo baada ya ndoo. Mengi yaliishia kwangu, nami siwezi hata kujikuna.

Alhamisi, 16 Mei
Dungusi limeanza kuinama. Bi Rigmor anauliza nani kalinywesha maji kiasi hicho. Nikaona bora watu wazungumzie jambo jingine, yaani Jeppe. Kwa sauti ya Babu mgonjwa nikawanong'oneza watoto kwamba kigitaa cha Jeppe kimechongwa kutoka mwilini mwa binamu yangu. Akili iliyoje! Wakaangua kilio, wakamnyang'anya kigitaa, wakakizika kwenye lundo la mboji kwa heshima zote. Nilitegemea watamchukia. Wapi! Yule mjanja akalia nao. Akavua kofia, akamwomba marehemu radhi, akaimba bila ala yoyote. Vilja akamkumbatia na kumwambia, "Usijali, kaka Jeppe, hukujua." Binamu yangu, msiba wangu, na pole zote kachukua yeye!

Ijumaa, 17 Mei
Nilijificha mapema. Badala ya watoto akaja Bi Rigmor, peke yake. Akavuta kiti, akashusha pumzi. Akaliambia dungusi kwamba shughuli ya kuchagua kijana wa kumwajiri inamsumbua kichwa. Lina ushauri gani? Bahati ya namna gani hii! Nikanguruma, "Mchague Asger, binti yangu."
"Asger," akasema taratibu, "toka huko."
Nikashika dungusi ili niinuke. Nalo, kwa jinsi lilivyolewa maji, likaja. Tukaanguka pamoja miguuni pake. Mchana kutwa nimelala kifudifudi, muuguzi akinichomoa miiba kwa kibano. Jeppe kaja kunipa pole. Kaajiriwa yeye! Tena kaniletea keki ya mdalasini. Nimeila, lakini kwa chuki.
Bi Rigmor hajanifukuza. Wiki zilizobaki nitang'oa magugu, mbali na watoto. Nisiwasikie, alisisitiza, na wao wasinisikie.

Jumamosi, 18 Mei
Nimetafakari sana, nikiwa nimesimama. Kukaa bado haiwezekani. Kosa halikuwa langu. Kosa lilikuwa la miiba. Leo nimelizunguka bwawa la mayungiyungi: maji ya kiunoni, majani mapana kama sinia, hakuna kinachochoma popote. Jumatatu ni sikukuu ya Pentekoste, lakini Jumanne linakuja darasa zima. Nimejaribu sauti bafuni, nyororo, ya Shangazi Yungiyungi. Jirani kagonga ukuta. Ina maana inasikika vizuri. Mrija wa kupumulia nimeshanunua.